Kuganda kwa Aina Mbili: Kisanduku cha Pikipiki na Ganda la Korosho katika Somo la Sayansi

Mwalimu mwanafunzi anapojiandaa kufundisha hali za maada, kitu cha kwanza kinachomjia akilini ni mshumaa. Huukata kipande, akakiyeyusha katika kijiko, akakiacha kipoe, kisha akakiyeyusha tena mbele ya darasa. Watoto hufurahi, na ubaoni huandikwa kwamba kitu kigumu kikipata joto huyeyuka, na kimiminika kikipoa huganda. Maneno hayo ni ya kweli kwa mshumaa. Ni ya kweli pia kwa barafu, kwa samli na kwa lami ya barabara. Lakini si ya kweli kwa vitu vyote, na mtoto anayetoka darasani akidhani kwamba kila kilichoganda kitayeyuka tena amepewa nusu ya elimu.

Maoni yetu ni kwamba kuganda kwa aina mbili, kule kunakorudi na kule kusikorudi, hakuna budi kufundishwe pamoja tangu shule ya msingi. Twasema zaidi ya hayo: kwa walimu watakaofundisha Makote, Newala mjini, Kitangali au Masasi, zana bora ya kuifundishia ile aina ya pili haitoki dukani wala mjini. Imetupwa kwenye takataka za fundi wa pikipiki, na nyingine imelala chini ya mikorosho.

Mambo ambayo mtoto anayajua tayari

Mwalimu aanze na yale yaliyomo jikoni. Yai bichi ni kimiminika. Likichemshwa huwa gumu, na hapo joto halikuliyeyusha, bali lililigandisha. Likipoa halirudi kuwa bichi, na likichemshwa mara ya pili halilainiki. Basi kanuni iliyoandikwa ubaoni imekwisha kuvunjwa na yai moja tu, na kila mtoto darasani amelila yai hilo.

Kisha aende kwa mfinyanzi. Chungu kilichofinyangwa na kuanikwa juani ni kigumu, lakini kikitiwa katika ndoo ya maji kitalainika na kurudi kuwa udongo. Chungu hicho hicho kikichomwa motoni hakitarudi tena kuwa udongo, hata kikikaa majini miaka mingi. Kukauka ni jambo moja, na kubadilika ni jambo lingine. Jua liliondoa maji yaliyokuwa kati ya chembe za udongo. Moto uliondoa hata maji yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe, ukazishikamanisha upya.

Baada ya hapo alete nta ya nyuki. Wachongaji wa Kimakonde, ng'ambo zote mbili za mto Ruvuma, wamekuwa wakiitumia nta kubandika mistari ya chale juu ya nyuso za vinyago vya mapiko. Nta huwafaa kwa sababu hulainika kwa urahisi na kupokea umbo la kidole. Lakini kwa sababu hiyo hiyo kinyago chenye nta hakiwezi kuwekwa karibu na moto, maana nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za sentigredi.

Sasa mtoto anavyo vitu vitatu mbele yake: nta inayorudi, yai na chungu visivyorudi. Aachwe avipange mwenyewe katika makundi mawili, aongeze na vingine anavyovijua: samli, sabuni, saruji, plastiki ya ndoo, mkate. Atakosea baadhi, na katika kukosea huko ndipo mazungumzo ya darasa yatakapopata uhai. Saruji, kwa mfano, wengi wataiweka pamoja na vitu vinavyokauka. Mwalimu aulize: mbona fundi mwashi huimwagia maji saruji iliyokwisha kushika? Kama ingekuwa inakauka tu, maji yangeiharibu. Jibu ni kwamba saruji huyahitaji maji ili igeuke kuwa kitu kingine.

Utomvu wa vimiminika viwili

Hapo ndipo tunapofika kwenye epoksi. Huu ni utomvu unaotengenezwa viwandani. Pierre Castan wa Uswisi aliuombea hataza mwaka 1938, na Sylvan Greenlee aliuendeleza nchini Marekani katika miaka ya 1940. Mwaka 1946 kampuni ya Ciba ya Uswisi ilianza kuutangaza kwa jina la Araldite, na tangu hapo gundi ya mirija miwili imeenea duniani hadi kwenye maduka ya vifaa ya wilaya zetu.

Mirija ni miwili kwa sababu mmoja una utomvu na wa pili una kigumishi. Kila kimoja kikiwa peke yake hukaa kimiminika muda mrefu. Vikichanganywa, chembe za kigumishi huzishika chembe za utomvu, hizi nazo huzishika nyingine, mpaka pote panakuwa wavu mmoja. Hakuna maji yanayoondoka, wala upepo hauhitajiki. Mchanganyiko hugumika hata ndani ya kopo lililofungwa. Tena katika kushikana huko joto hutoka. Ukipakwa mwembamba joto hilo hupotea hewani bila kuhisiwa, lakini ukirundikwa pamoja katika chombo kidogo huweza kupata moto wa kuunguza mkono. Kwa hiyo epoksi, kama yai, haigandi kwa kupoa, na ikishagumika hairudi kuwa kimiminika.

Hata hivyo tusimwambie mtoto kwamba epoksi haijali joto. Kila epoksi ina kiwango chake cha joto ambacho wavu wake huanza kulegea, na ule ugumu wa kioo hugeuka kuwa ulaini wa mpira. Gundi ya dukani inayogumika yenyewe bila kupashwa moto mara nyingi huanza kulegea katika nyuzi 50 au 60 hivi. Ile inayotengenezwa kwa ajili ya joto kali hutumia vigumishi vya namna nyingine, nayo hupikwa katika tanuru kwa saa kadhaa ili wavu ukamilike. Hiyo huweza kustahimili nyuzi 150, na nyingine hata zaidi. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Kijana wa gereji anayeziba ufa wa kifaa kilicho karibu na injini kwa gundi ya kawaida atakiona kimeachia baada ya safari chache, naye atailaumu gundi. Gundi haikukosa kitu, bali imetumiwa mahali pasipo pake.

Kisanduku cheusi

Kila kijiji cha uwanda wa Makonde sasa kina pikipiki za abiria, na kila penye pikipiki pana fundi. Mwalimu akamwombe fundi huyo kisanduku kibovu cha kuwashia cheche, kile ambacho mafundi hukiita sidiai kwa kuzisoma herufi tatu CDI zinazokitambulisha. Ni kidogo, huenea kiganjani, na upande mmoja kimejazwa kitu cheusi kigumu. Hicho cheusi ni epoksi au utomvu wa jamii yake. Ndani yake kumezama vipande vya umeme ambavyo havionekani kamwe.

Kazi ya kisanduku ni kulimbikiza umeme wa mamia ya volti na kuuachia ghafla uende kwenye koili, ambayo huupandisha hadi maelfu mengi ya volti ili cheche iruke ndani ya injini. Na mahali pake pa kazi ni pabaya. Pikipiki hutikisika kutwa nzima. Masika huleta maji, kiangazi huleta vumbi jekundu linaloingia hata kwenye saa ya mkononi. Injini hutoa joto. Waya mwembamba uliounganishwa kwa risasi hauwezi kudumu katika taabu hiyo ukiwa wazi. Basi mtengenezaji huviweka vipande vyote ndani ya kikasha na kuvimiminia utomvu uvifunike pande zote. Ukigumika, mtikisiko hauna cha kutikisa, maji hayana pa kupita, umeme hauruki kutoka waya hadi waya, na joto hupata njia ya kutokea nje.

Kuna jambo moja katika kazi hii ambalo mfinyanzi angelielewa upesi. Epoksi tupu ikipata joto hutanuka takribani mara tatu ya shaba. Injini ikipata moto na kupoa kila siku, utomvu ungevuta na kusukuma mpaka waya ukatike au utomvu wenyewe upasuke. Kwa hiyo viwandani huchanganya ndani yake unga wa mchanga safi au wa madini mengine yasiyotanuka sana. Unga huo hupunguza kutanuka, hupitisha joto vizuri zaidi, na hupunguza moto wa mchanganyiko wakati wa kugumika. Wafinyanzi wengi nao hutia mchanga au vigae vilivyopondwa katika udongo ili chungu kisipasuke mekoni. Hawa wawili hawajaonana, lakini shida iliyowapata ni moja.

Wala si pikipiki peke yake. Uwanda wetu hauna mito, na maji hupandishwa kwa mitambo kutoka mabondeni. Pampu inapozamishwa kisimani, kiungo cha waya wake wa umeme mara nyingi hufungwa ndani ya utomvu wa namna hii ili maji yasiingie. Kiungo kikivuja, pampu husimama, na foleni ya ndoo hurefuka. Mtoto anayechota maji kabla ya kwenda shule ana haki ya kujua ni nini kinachoyaleta.

Ganda la korosho

Mtu atauliza: haya yote yanahusu nini na korosho? Yanahusu sana. Korosho yenyewe ni kifaa kilichofunikwa. Kati ya ngozi ya nje ya ganda na ngozi ya ndani pana vijishimo kama sega la nyuki, navyo vimejaa mafuta mazito yenye kuunguza ngozi. Mafuta hayo huwa robo hivi ya uzito wa ganda, pengine zaidi. Ndiyo ambayo kila mbanguaji huyaogopa, kwa kuwa huacha vidole vikiwa vyeusi na kubambuka.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo katika ganda bichi ni asidi ya anakadiki. Yakipashwa moto asidi hiyo hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi na kugeuka kuwa kadanoli. Katika miaka ya 1920 na 1930 mkemia Mortimer Harvey, nchini Marekani, alifanya utafiti mwingi juu ya kuyageuza mafuta ya maganda ya korosho kuwa utomvu mgumu usiorudi. Kampuni ya Irvington ya jimbo la New Jersey ikautumia katika vanishi za kukinga nyaya za umeme na katika unga wa kusugulia breki za magari. Siku hizi kadanoli hutumika pia kutengenezea vigumishi vya epoksi, na sifa yao kubwa ni kwamba hugumisha hata penye baridi na unyevu, kwa hiyo hupendwa katika rangi za meli na za madaraja.

Maana yake ni hii: kile kinachowaunguza vidole mama zetu ni jamaa wa kile kinachoilinda koili ya pikipiki. Lakini kwa muda mrefu sehemu kubwa ya korosho za Tanzania imesafirishwa ghafi, hasa kwenda India na Vietnam, na ganda huondoka pamoja na kiini. Serikali ilijenga viwanda vya kubangulia katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, vikiwamo vya Newala na Masasi, na vingi kati yake vilisimama. Sababu za kusimama kwake ni nyingi, na somo la sayansi la shule ya msingi haliwezi kuvifufua. Hata hivyo wahenga walisema penye miti hapana wajenzi, na twaona kwamba aibu ya methali hiyo inaweza kupunguzwa darasani. Mtoto anayejua kwamba ganda ni mali ghafi ya viwanda hatalitazama kama takataka, na siku moja huenda akawa miongoni mwa wale watakaouliza kwa nini linaondoka bure.

Namna ya kulipanga somo

Twapendekeza vipindi vitatu. Katika kipindi cha kwanza watoto wapange vitu katika makundi mawili kama tulivyoeleza, wakijaribu wenyewe nta, yai na vipande viwili vya udongo, kilichoanikwa na kilichochomwa. Mwalimu asitoe kanuni mwanzoni. Kanuni iandikwe mwishoni, kwa maneno ya watoto.

Katika kipindi cha pili mwalimu aoneshe epoksi. Mirija miwili midogo yatosha kwa darasa zima. Achanganye kiasi sawa katika kizibo cha soda, na tone jingine alipake jembamba juu ya kigae. Watoto waandike saa ya kuanza na saa ambayo kila kimoja kimegumika. Wataona kwamba kile kilichorundikwa kizibioni hutangulia, nao waulizwe kwa nini. Siku ya pili vipande vyote viwili vitumbukizwe katika maji ya moto pamoja na kipande cha mshumaa. Mshumaa utayeyuka. Epoksi huenda ikalegea kidogo, lakini haitatiririka, na ikipoa itakuwa ngumu kama awali.

Kipindi cha tatu ni cha kisanduku kibovu. Kipitishwe mikononi mwao, na maswali yatangulie maelezo. Kwa nini wamekificha? Maji yangeingia wapi? Kama waya mmoja umekatika ndani, fundi atafanyaje? Swali hili la mwisho ni zito, kwa sababu jibu lake ni kwamba hawezi kufanya lolote ila kununua kingine. Kilichofunikwa kwa utomvu usiorudi hakitengenezeki. Watoto wajadiliane faida na hasara hiyo. Ndiyo sayansi inayokutana na mfuko wa mzazi.

Tahadhari

Twasisitiza jambo ambalo wapenzi wa zana za mazingira husahau: kitu kuwa cha karibu hakukifanyi kiwe salama. Ganda bichi la korosho lisivunjwe wala kukamuliwa na watoto darasani, na lisichomwe katika chumba, kwa kuwa hata moshi wake huumiza macho na ngozi. Mwalimu alete ganda kuukuu lililokwisha kukaangwa, ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa, watoto walitazame vijishimo vyake bila kuligusa.

Epoksi ichanganywe na mwalimu peke yake, mahali penye upepo, akiwa amevaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, maana kigumishi hudhuru ngozi na baadhi ya watu huwashwa nacho vibaya. Kizibo kisishikwe wakati mchanganyiko unapogumika, kwani huweza kuwa cha moto. Kisanduku cha pikipiki kisichomwe moto ili kukifungua, kwa sababu moshi wa utomvu unaoungua ni sumu. Tena kiwe kimetolewa kwenye chombo siku nyingi, kisiwe na umeme uliobaki ndani.

Pingamizi mbili

Wako watakaosema kwamba jina la epoksi halimo katika mtaala wa shule ya msingi. Hatubishi. Lakini mtaala unataja hali za maada na mabadiliko yake, nao haukumwamuru mwalimu aishie kwenye mshumaa. Mtoto hahitaji kulikariri jina la epoksi, wala la kadanoli. Anahitaji kuweza kutofautisha kukauka, kupoa na kubadilika, mambo matatu ambayo lugha ya kila siku huyaita yote kuganda au kuwa kigumu.

Wengine watasema kwamba mwalimu wa shule ya msingi hakusoma kemia ya kutosha. Kwa hilo twajibu kwamba somo hili halimtaki mwalimu aeleze kila kifungo cha wavu ule. Lamtaka aweze kusimama mbele ya watoto akiwa na yai, kigae na kisanduku kibovu, aulize maswali kwa mpangilio, na akubali kusubiri majibu. Pale anapoulizwa asilolijua, fundi wa pikipiki na mfinyanzi hawako mbali, nao waalikwe waje kusema. Mfinyanzi akiulizwa na watoto kwa nini hutia mchanga katika udongo, somo litakuwa limefika mahali ambapo kitabu peke yake hakingelifikisha.

Basi ninyi mnaokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, msiende na mshumaa tu. Kabla ya kuandika andalio la somo, piteni kwa fundi mkaombe alichokitupa.